Mji Uliopiga Yodo

Corliss Bettencourt hakuwahi kuajiriwa na mtu tangu azaliwe, na hakuna mtu Palo Alto aliyewahi kumwona hana kazi. Kila asubuhi alikuwa mkahawani, meza ya dirishani, suruali imepigwa pasi ikanyooka hadi ungeweza kukatia mkate, kompyuta mpakato imefunguliwa mbele yake. Kompyuta yenyewe ilikuwa maiti. Haikuwaka tangu ilipomwagiwa supu ya nyanya. Lakini mji ule haukuwa na desturi ya kumuuliza mtu kompyuta yake ina nini ndani. Uliridhika akiketi mbele yake na kukunja uso. Corliss aliketi, akakunja uso, na dunia ikamheshimu.

Kazi yake, kama tutakubaliana kuiita kazi, ilikuwa kusikiliza. Matajiri wa pale huzungumza siri zao hadharani kwa sauti ya wachuuzi wa samaki, wakiamini kwamba aliye meza ya pili anajali mambo yake tu. Corliss alijali mambo ya watu wote. Alikuwa mtu mwenye huruma sana.

Asubuhi moja ya Machi, meza ya jirani walikuja kukaa watu wawili wenye sura za msibani. Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, Tanner Lindqvist, mwenye nywele kama nyasi zilizolaliwa na mbwa, na miguu mitupu. Hakuvaa viatu kwa sababu jarida moja liliwahi kuandika kwamba nabii hahitaji viatu, naye tangu siku ile akaogopa kuvivaa. Wa pili alikuwa Marguerite Stroud, mama wa makamo aliyevaa lulu shingoni na nguo za mazoezi mwilini. Yeye ndiye aliyekuwa ametia fedha zake kwenye mtandao wa kijana huyo.

Mtandao wenyewe uliitwa Yodlo. Ulikuwa hivi: unaandika neno moja tu la unavyojisikia, unabonyeza, na simu za rafiki zako wote zinaguta, "Yodo-looo!" kama mchunga mbuzi aliyepotelewa na mbuzi milimani. Kufanya hivyo kuliitwa kupiga yodo. Ulipoanza, waandishi wa habari waliupokea kama mvua baada ya ukame. Mmoja aliandika kwamba Yodlo itaua barua pepe. Mwingine akaandika kwamba itamaliza vita. Kanisa moja kule Ohio likauza kengele yake. Nchi nzima ikapiga yodo: "Njaa." "Furaha." "Jumatatu." Halafu, kama ilivyo kwa wanadamu, wakachoka. Hawakuondoka kwa hasira wala kwa kishindo. Waliacha tu kuongezeka. Na katika mji ule, kisichoongezeka kinahesabiwa kwamba kimekufa, hata kama kinapumua na kula vizuri.

"Neville Haddad amenipigia," alisema Bi Stroud. "Anaandika makala. Anasema Yodlo imeishiwa pumzi."

Tanner alishika kichwa. "Neville? Si ndiye aliyeniita nabii?"

"Aliyekupandisha punda ndiye anajua pa kukushushia, mwanangu. Na wale wanaotaka kutununua wanamsoma yeye kuliko wanavyosoma Biblia. Makala hiyo ikitoka kabla hatujauza, utarudi kwa mama yako Minnesota. Na viatu utavaa."

Kijana akatetemeka. Minnesota kuna theluji.

Corliss aliposikia hayo, moyo wake ulijaa ile huruma niliyoitaja. Watu wawili wenye fedha, wenye hofu, wasio na muda! Ni kama mwindaji aliyefunguliwa mlango na swala akaulizwa kama anatumia sukari. Lakini fundi haparamii. Alitoa simu yake, akaiweka sikioni, akaanza kuzungumza na hakuna mtu.

"Hapana, dada'angu, siwezi kuja wiki hii. Najua. Najua mji mzima unapiga yodo. Hata mchungaji? Katikati ya mahubiri? Eeh, mwambie mkuu wa polisi apunguze, kidole gumba kitamvimba tena kama mwaka jana."

Kwenye meza ya jirani shingo mbili zikageuka.

"Samahani, mzee," alisema Tanner, akiinama mbele. "Umesema yodo?"

Corliss aliziba simu kwa kiganja na kumtazama kwa uchungu wa mtu aliyekatizwa. "Kijana, naongea na dada yangu."

"Dada yako yuko wapi?"

Hapo Corliss alihitaji mji. Juu ya meza kulikuwa na pakiti ya nyama kavu aliyokuwa akiitafuna, na juu ya pakiti kuna picha ya ng'ombe na maneno: Spindle, Nevada. Mungu huwapa riziki walio wepesi wa kusoma.

"Spindle," alisema. "Nevada. Huko kwetu mtandao huo haujapungua hata kidogo. Unapanda kama maziwa jikoni."

"Mbona hatuuoni kwenye takwimu zetu?" aliuliza Tanner.

Lilikuwa swali zuri, na Corliss hakuwa na jibu lake. Basi akafanya kama wafanyavyo watu wa mji ule wakikosa jibu: aliongea polepole. "Takwimu zenu, bosi wangu, zinahesabu watu. Spindle hawajiungi na yodo. Wanaiishi."

Tanner alifumba macho kama anayeonja mvinyo. Bi Stroud hakufumba macho. Huyo alikuwa na macho ya mnada. Alivuta kiti hadi magoti yake yakagusana na ya Corliss.

"Mimi sikuulizi kama ni kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuuliza kama itatoka vizuri kwenye picha."

"Mama," alisema Corliss, akiweka mkono kifuani, "itatoka kama harusi."

Kabla kahawa haijapoa alikuwa amekwishapewa cheo, Mshauri Mkuu wa Mwamko wa Vijijini, na hundi ya kuanzia. Na akaahidiwa hundi nyingine, kubwa mara nyingi kuliko hiyo, siku makala nzuri ya Neville itakapotoka.

Kanuni ya kwanza ya utapeli ni kuchukua hundi ya kwanza na kupotea. Corliss aliijua kanuni hiyo. Aliwahi hata kumtoza ada mtu ili amfundishe. Lakini ile hundi ya pili ilikuwa imenona, na tamaa haina kanuni. Akajaza mafuta garini akaelekea Nevada kuutafuta mji aliokuwa ameshauuza.

Spindle ulikuwepo kweli, na hilo peke yake lilimshangaza. Ulikuwa barabara moja, nyumba za mbao zenye vibaraza pande zote mbili, kiwanda cha nyama kavu kilichofungwa, na vumbi lisilo na haraka. Alishuka garini akatazama simu yake. Hakuna mtandao. Akainyoosha juu. Hakuna. Akapanda juu ya paa la gari, akasimama kwa ncha za vidole na simu mkononi kama anayemwonyesha mtoto mwezi.

"Ukiupata huko juu tuitie na sisi," ilisema sauti ya kike. "Tunautafuta tangu marehemu mume wangu akiwa na nywele."

Mwenye sauti alikuwa amesimama mlangoni mwa mgahawa, aproni kiunoni, mwiko mkononi. Aliitwa Wilhelmina Tuttle, na kila mtu alimwita Billie. Ndiye mwenye mgahawa, ndiye meya, na Alhamisi ndiye hakimu. Alikuwa na miaka sabini na kidogo, na macho ya mtu aliyelea watoto sita wote wakiwa waongo.

Akamkaribisha ndani, akamwekea kahawa na kipande cha pai ya tufaha. Corliss akaanza kazi. Alisema yeye anatoka tume ya serikali inayotafuta mji wa mfano. Billie alisikiliza huku anapangusa meza. Alipomaliza, akamwambia, "Kula pai yako, halafu anza tena, safari hii useme ukweli. Uongo unapoza chakula, na hiyo pai nimetoka kuitoa jikoni sasa hivi."

Sijui kama ilikuwa pai au macho yale. Corliss alisema ukweli wote, wa kwanza kutoka kinywani mwake tangu ujana, na masikio yakamwiva wekundu kama ya mwanafunzi.

Billie alicheka hadi akakaa. "Kwa hiyo mnataka sisi tujifanye tunachezea simu, na simu hazishiki, ili gazeti liseme tunazichezea, ili matajiri wamuuzie matajiri wenzao kitu kisichouzika?"

"Umeieleza vizuri kuliko mimi, mama."

"Na sisi tunapata nini?"

"Nimefikiria kijisehemu cha..."

"Nusu."

"Nusu! Mama Billie, mimi ndiye mwenye mchongo!"

"Na mimi ndiye mwenye mji," alisema Billie, akamwongezea kahawa.

Wakapeana mikono. Mazoezi yakaanza siku hiyo hiyo. Haikuwa rahisi. Nusu ya mji haikuwa na simu ya mkononi, kwa sababu hakuna anayefuga samaki jangwani. Orville, kinyozi, akaja na rimoti ya televisheni. Mke wa mchungaji akaja na kikokotoo. Mzee Amos Pettibone, mwenye miaka tisini na masikio yaliyostaafu kabla yake, alipewa kisanduku cha miwani na kuambiwa akibonyeze kila akiona mgeni.

"Nikibonyeze kinifanye nini?" aliuliza.

"Kisikufanye kitu, mzee. Tabasamu tu, useme yodo-lo."

"Useme nini?"

"YODO-LO!" akafoka Corliss sikioni mwake.

"Huna haja ya kupiga kelele," alisema Amos, "mimi si mbuzi."

Siku ya wageni ikafika. Gari jeusi likaingia likiburuta wingu la vumbi, na humo wakashuka Bi Stroud, Tanner na miguu yake mitupu, ambayo iligusa lami ya Nevada na kumrusha juu kama mahindi ya bisi, na Neville Haddad mwenyewe. Neville alikuwa mrefu, amejifunga skafu katika joto lile, na alitembea ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza sentensi yake ijayo.

Mji ukafanya kazi yake. Orville alimnyoa mteja kwa mkono mmoja na kubonyeza rimoti kwa mwingine. Mteja akapoteza nusu ya nyusi na asilalamike, kwa uzalendo. Mke wa mchungaji alipita akitabasamu kwenye kikokotoo chake. Mkuu wa polisi aliketi kwenye ngazi, kidole gumba kimefungwa bandeji, jambo ambalo Corliss aliliona kuwa ni sanaa ya hali ya juu.

"Ajabu," alisema Neville, akiandika. "Ajabu kabisa. Ngoja na mimi nipige yodo kutoka hapa." Akatoa simu yake. Akaitazama. Akaitikisa. Akaitazama tena.

"Hakuna mtandao," alisema.

Barabara nzima ikanyamaza. Mkasi wa Orville ukasimama hewani. Tanner akageuka rangi ya maziwa. Bi Stroud akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea garini, bila kugeuka, kama anayemuaga mfalme. Corliss akafungua kinywa, kinywa kile kilichowahi kuuza daraja, na kwa mara ya kwanza katika historia yake hakikutoka kitu. Jasho tu ndilo lililotoka.

Sasa Mzee Amos, kibarazani kwake ng'ambo ya barabara, hakuwa amesikia neno. Aliona tu kwamba watu wote wamenyamaza na kutazamana, akadhani ni zamu yake na amechelewa. Akakitupa kile kisanduku cha miwani, akasimama, akajaza kifua upepo.

"YODO-LOOO!" akaguta. "NINA NJAA!"

Mbwa wakabweka. Mwangwi ukagonga mlima na kurudi. Billie Tuttle, ambaye Mungu alimnyima urefu akamlipa kwa akili, hakungoja hata nukta. Alitoka mlangoni pa mgahawa akaweka viganja mdomoni.

"YODO-LOOO, AMOS! MAHARAGE YAMEIVA!"

"YODO-LOOO!" akaitikia Orville. "NIACHIENI NA MIMI!"

"YODO-LOOO!" akalia mteja wake. "NYUSI YANGU!"

Mji wote ukashika. Kutoka kibaraza hadi kibaraza, mwito ukaenda ukirudi, watu wakitangaza njaa, baridi yabisi, mapenzi ya zamani na bei ya majani ya farasi. Wazee waliokuwa hawajasemeshana tangu uchaguzi uliopita walijikuta wanaitana. Ilikuwa kelele tupu, na walikuwa wanaifurahia kweli.

Neville Haddad aliondoa miwani. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye skafu.

"Mtandao," alinong'ona, "usio na mtandao."

"Ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo!" alilia Tanner, akirukaruka kwa hisia, au kwa lami.

Makala ikatoka Jumapili, kurasa sita, na picha ya Amos amefumba macho na kufungua kinywa kama tanuri. Kufika Jumatano nchi ilikuwa imepagawa. Wataalamu walialikwa kwenye televisheni kueleza maana ya kibaraza. Profesa mmoja akasema binadamu alikosea njia alipogundua simu. San Francisco watu walifungua madirisha asubuhi na kupiga yodo mtaani, na majirani wakawajibu kwa yodo zisizoandikika hapa. Wale wanunuzi, kwa kuogopa kupitwa, waliinunua Yodlo upesi bila kumaliza kusoma. Laiti wangefika ukurasa wa tano, wangeona imeandikwa wazi kwamba siri ya Spindle ni kutokutumia Yodlo kabisa. Lakini nani husoma hadi ukurasa wa tano? Bi Stroud alichukua chake akaenda kutafuta kijana mwingine asiye na viatu. Tanner alijinunulia jozi nne, akaanza kuzunguka akitoa mihadhara juu ya unyenyekevu.

Corliss alipata hundi yake ya pili. Nusu ya Billie aliisahau, kama watu wengi wanavyosahau ahadi zilizotolewa kinywa kikiwa na pai.

Hapo ndipo angekaa kimya, hadithi ikaisha vizuri kwake. Tatizo ni kwamba alikuwa na muda na magazeti. Siku ya kwanza alisoma habari za Spindle akacheka hadi kahawa ikamtoka puani. Siku ya pili alisoma bila kucheka. Wiki ilipoisha alikuwa amesoma kwamba wageni wanatoka Berlin, kwamba kuna fulana, kwamba watu wanalipa kusimama kibarazani na kuguta, na akaanza kuhisi kitu kilichomchoma kifuani. Ulikuwa wivu. Uongo ni wake, ameuzaa mwenyewe kwenye pakiti ya nyama, na sasa wengine wanaukamua! Ama kweli mganga hajigangi. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuwauzia watu moshi, aliuona moshi wake mwenyewe umepanda mrefu, akaamini chini kuna moto.

Akaenda Spindle na fulana mpya na uso wa kuomba radhi.

Kulikuwa na magari ya California pande zote, na foleni ya watu wenye kofia za jua. Amos alikuwa kwenye kiti akipigwa picha. Billie alipomwona Corliss, hakumpiga mwiko kama alivyotarajia. Alimkumbatia.

"Mwanangu! Nilijua tu mambo yamekubana. Kaa, nikupe pai."

"Mama Billie, kuhusu ile nusu..."

"Nusu gani tena? Wewe umetufanya watu." Akaketi mbele yake akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima aliyechoka. "Sema tumechoka, baba. Sisi wazee. Amos sauti imemkauka, analala na asali kooni. Wageni hawaishi. Kuna bwana mmoja wa Las Vegas anataka kuvichukua vibaraza vyote, biashara nzima, sisi tukapumzike. Nimemwambia ngoja nifikirie hadi Ijumaa."

Huyo bwana wa Las Vegas! Corliss alikuwa amemtumia bwana huyo huyo katika madili yasiyopungua kumi, mara akiwa mfanyabiashara wa Dallas, mara akiwa mwanamfalme, na hata siku moja hakuwahi kuwepo. Hakuna aliyemfahamu vizuri kuliko yeye. Lakini mapenzi ni kipofu, na tamaa ni kipofu aliyepewa usukani.

"Usimpe," alisema. "Huyo hana utu. Mtu wa Las Vegas atawaletea mashine za kamari. Niuzie mimi. Mimi ni wa hapa hapa."

"Wewe? Hapana, mwanangu, siwezi kukubebesha. Ni kazi ngumu."

"Mama, naomba."

"Hapana."

"Nakupigia magoti!"

Wateja wawili wakageuka kutazama. Corliss aliinuka, akajipangusa, na katika kujikumbusha kwamba yeye ni mtu wa biashara, akauliza swali lake moja la kitaalamu. "Ila ukuaji je? Ukuaji unakwendaje?"

"Ukuaji?" Billie akaangalia nje ya dirisha. "Wiki iliyopita foleni ilifika kisimani. Leo nimeenda kuangalia, imefika makaburini."

Makaburini! Corliss aliona foleni ikirefuka kupita akili, ikitambaa jangwani hadi upeo wa macho. Hakuuliza, kati ya kisima na makaburi, kipi kiko karibu zaidi na mgahawa. Hundi yote ya pili, na kilichosalia cha kwanza, kikahamia kwenye aproni ya Billie Tuttle. Billie alimwomba siku chache tu mji ufungashe vitu na kumwachia vibaraza safi. Wakaagana kwa machozi. Ya Corliss yalikuwa ya kweli.

Alirudi Palo Alto kuaga. Kwa nini mtu wa kazi yake aage? Kwa sababu alitaka wamwone. Alikuwa mkahawani, ameinua kikombe, anamweleza mhudumu habari za himaya yake, macho yake yalipoangukia jarida kwenye meza ya pili. Neville Haddad alikuwa ameandika tena.

Makala ilisema Spindle imefika ukingoni. Ilisema wageni wamepungua, na kwamba wenye kujua mambo sasa wanakwenda Maine, kwenye kijiji ambacho watu hawasemi kabisa. Mwandishi alimpigia meya, Bi Wilhelmina Tuttle, kumuuliza kama ni kweli ukuaji umepungua, na meya, kwa unyoofu wa watu wa mashambani uliomgusa sana mwandishi, alikiri yote bila kusukumwa. "Mji una watu mia moja na kumi na wawili," alinukuliwa, "na wote wameshajiunga. Hatuwezi kukua tena, labda mtu azae, na mdogo kwetu sote ana miaka hamsini na nane."

Corliss aliiacha kompyuta yake mezani, yenye supu yake, akakimbilia gari. Alivuka milima, akavuka mpaka, hakusimama kula, hakusimama kujaza mafuta, akiomba Mungu kwa maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu ubatizo. Aliingia Spindle jua likiwa utosini.

Hapakuwa na gari. Hapakuwa na foleni, wala ya kisimani wala ya makaburini, ambayo sasa aliyaona vizuri, mlango wa tatu kutoka mgahawani. Mgahawa umefungwa. Kwa Orville kumefungwa. Kanisa limefungwa kwa kufuli. Kwenye barabara nzima alikuwepo kiumbe mmoja tu, Mzee Amos Pettibone, kibarazani, anachambua maharage.

"Mzee Amos!" alisema Corliss. "Wako wapi?"

Amos akaendelea na maharage. Corliss akakumbuka masikio yake, akasimama katikati ya barabara, akajaza kifua.

"WAKO WAPI?"

"Aaa, ni wewe," alisema Amos, akipunga mkono kwa furaha. "Wameenda Hawaii. Wote. Wamechukua ndege. Mimi na ndege hapana, nimewaambia, mtu akizaliwa nchi kavu afie nchi kavu. Billie amesema nikuone nikushukuru. Amesema nauli umelipa wewe, na hoteli, na yale mashada ya maua wanayovaa shingoni."

Corliss aliketi kwenye ngazi ya kibaraza. Kilikuwa chake, kibaraza kile. Vyote vilikuwa vyake. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na ingekuwa vizuri kusema alilia, lakini alikuwa anacheka, kicheko cha fundi aliyenaswa kwa mtego uliotegwa vizuri kuliko wake. Alicheka hadi akahema. Kisha likamjia wazo la kuwasubiri awadai fedha zake, kwa sababu mtu ni mtu.

"WATARUDI LINI?"

"Billie amesema watarudi wewe ukishaondoka."

Hilo lilikuwa na heshima yake. Corliss akainuka, akajipangusa suruali, akarudi garini. Mtu muungwana anajua wakati wa kuondoka. Akawasha. Gari likakohoa mara moja, kwa aibu, likanyamaza. Akautazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala chini kabisa, kama mlevi.

"MZEE AMOS! MAFUTA NAPATA WAPI HAPA?"

"Kwa Hank. Pampu ile pale, unaiona? Ila ufunguo anao Hank mwenyewe."

"NA HANK YUKO WAPI?"

Amos akaokota punje iliyoanguka, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye bakuli.

"Hank?" alisema. "Huyo ndiye aliyepata kiti cha dirishani kwenye ndege."